Je, tunaweza kuvuka michanga ya Wahiba na familia nzima?

*Swali: Desemba tutakwenda Oman kumtembelea shangazi yangu anayeishi Ibra. Tutakuwa sita: mimi, mume wangu, watoto wetu wa miaka 8 na 12, mama yangu mwenye miaka 70, na shemeji yangu wa Muscat mwenye gari la 4x4. Shemeji anataka tuingie jangwa la Wahiba kupitia Bidiyah, tulivuke, tutokee baharini Al Ashkharah, yote kwa siku moja. Hajawahi kuendesha mchangani. Mimi ni mtu wa Tanga, mchanga ninaoujua ni wa ufukweni. Tukubali? Na huko ndani kuna nini cha kuona zaidi ya mchanga?*

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe. Kuvuka mpaka baharini kwa gari moja, na dereva ambaye hajawahi kuingia mchangani: hapana. Kuingia, kulala usiku mmoja na kutoka kwa njia ile ile mliyoingilia: ndiyo, tena mama asiachwe Ibra. Safari hizo mbili hazifanani hata kidogo, na kilichozitofautisha ni upepo. Ukishajua upepo umefanya nini pale, utakuwa na la kumwambia shemeji bila kugombana naye.

Upepo wenyewe si mgeni kwako. Ni kusi. Kusi hii inayochafua bahari ya Tanga katikati ya mwaka hupanda mpaka Uarabuni na kuipiga pwani ya Oman kwa nguvu kuanzia Juni hadi Septemba. Ndiyo iliyokuwa ikiyarudisha majahazi ya Sur, bandari ya Oman, kutoka Unguja, na manahodha walilazimika kuondoka ama kusi ikianza ama ikikaribia kwisha, maana katikati yake bahari haikuwa ya kuingiwa. Ikifika nchi kavu haiishii hapo. Huzoa mchanga wa pwani na kuusukuma kuelekea kaskazini, na kwa maelfu mengi ya miaka imejenga nchi nzima ya mchanga, kilomita za mraba 12,500, yenye urefu wa karibu kilomita 180 kutoka kusini hadi kaskazini na upana wa karibu 80. Zama za barafu, bahari ilipokuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko leo, eneo kubwa la sakafu yake lilibaki wazi, na upepo ukajizolea humo mchanga pamoja na vipande vya makombe. Upande wa kusini mtu akichota mchanga kiganjani bado anaona chembe nyeupe za makombe hayo. Kuna hata miamba mizima kule, ambayo zamani ilikuwa vilima vya mchanga, chokaa ya makombe ikavigandisha.

Kwenye ramani mtakuta jina la Sharqiya Sands. Ni pale pale. Wahiba ni jina la kabila, na watu wengi bado wanalitumia.

Sasa njoo kwenye safari yenu. Kaskazini, upande wa Bidiyah mtakakoingilia, kusi imepanga mchanga katika migongo mirefu inayotoka kusini kwenda kaskazini, mingine ikikaribia mita 100 kwa kimo. Kati ya mgongo na mgongo kuna bonde pana, na bonde hilo ndiyo barabara. Mabedui hupita humo na pikapu zao, ngamia hupita humo, na kambi nyingi za wageni zimejengwa humo. Anayefuata bonde kuelekea kusini anaweza kwenda mbali bila kupanda kilima chochote cha maana. Lakini Al Ashkharah iko mashariki. Anayekwenda huko lazima aukate mgongo, ashuke, aukate wa pili, na wa tatu. Na kadiri anavyosogea kusini, migongo ile inavunjikavunjika na kuwa vilima vidogo visivyo na mpangilio, laini, kila kimoja kimeelekea kwake. Bonde la kumwongoza halipo tena. Hapo ndipo magari mengi hunasa, na hapo ndipo gari moja peke yake linakuwa hatari, kwa sababu hakuna wa kulivuta.

Kuna jambo jingine ambalo dereva wa lami hulijua kwa kuchelewa. Kila kilima kina pande mbili. Upande unaopigwa na upepo umeinama polepole, na mchanga wake umeshindiliwa. Gari hupanda, mtu hupanda, hata mama akishikwa mkono anaweza kupanda kidogo. Upande wa kisogo ni kitu kingine. Mchanga unaovuka kilele hudondoka huko na kulala kwa mwinamo wa nyuzi 30 hadi 34; ukizidi hapo unaporomoka wenyewe. Huo ni mchanga uliolegea, na ukiwa upande wa kupandia huuoni kabisa. Dereva huona kilele na mbingu basi. Akikifikia kwa kasi, gari linaweza kuruka na kuangukia pua, au likabaki limelalia tumbo juu ya kilele, magurudumu yote yakining'inia. Pia huenda upande wa pili kuna gari linapanda. Mimi ajali ya kileleni huiogopa kuliko kiu. Kilele msichokijua, simameni kabla yake, mtu mmoja ashuke apande kwa miguu, atazame, ndipo gari lifuate. Ndiyo sababu magari ya jangwani hufungwa mlingoti mrefu wenye bendera, uonekane kabla ya gari.

Watoto wako wanaweza kuliona somo hili hapa hapa Tanzania. Karibu na Olduvai, Ngorongoro, kuna kilima cha mchanga mweusi wa majivu ya Ol Doinyo Lengai, chenye umbo la mwezi mwandamo, ambacho husukumwa na upepo kiasi cha mita 17 hivi kwa mwaka. Ni kidogo, hivyo pande zake zote mbili zinaonekana kwa mtazamo mmoja. Migongo mikubwa ya Wahiba haihami namna hiyo. Kinachohama ni mchanga wa juu juu, mgongo wenyewe unabaki, na kwa sababu hiyo visima na miti vinabaki mahali pake, na wenyeji wanaweza kusema "tukutane pale" na wakakutana.

Nikuandikie sasa yale ya shemeji, maana hata safari fupi ya kambini inayahitaji.

La kwanza ni matairi. Kabla ya kuingia mchangani apunguze upepo mpaka psi 15 hadi 18. Kwa kawaida gari hutembea na 30 na kitu, kwa hiyo tairi litaonekana kama lina pancha, na hivyo ndivyo linavyotakiwa kuonekana: limelala, limekanyaga eneo refu zaidi, uzito umesambaa. Kama utakumbuka kitu kimoja tu katika barua hii, kumbuka hiki, kwani wengi wanaonasa wamenasa kwa sababu waliona haya kutoa upepo. Asishuke chini ya 12 isipokuwa gari limeshanasa, na akishuka hivyo asikate kona kali, tairi litachomoka kwenye rimu. Pembezoni mwa jangwa, upande wa Bidiyah na Al Wasil, kuna mafundi wanaofanya kazi hii kila siku: wanakutolea upepo ukiingia, wanakujazia ukitoka. Kujaza ukitoka si hiari. Tairi lililolegea likikimbizwa kwenye lami hupata moto na kupasuka.

La pili ni mguu. Mchangani gari halitaki kushtuliwa. Aondoke polepole kwa gia ya pili, ashike mwendo mmoja, asipige breki ghafla, kwa sababu magurudumu ya mbele yatajirundikia mchanga na kujizuia yenyewe. Akitaka kusimama aachie mafuta, gari litasimama lenyewe, na achague pa kusimama: palipoinamia mbele, si katikati ya kupanda. Akishindwa kilima asigeuze gari ubavuni mwa mteremko. Hivyo ndivyo magari yanavyopinduka. Arudi kinyumenyume kwa njia aliyopandia, moja kwa moja. Kushuka vivyo hivyo, pua imeelekea chini kabisa. Ikiwa mkia unaanza kuteleza upande, mafuta kidogo hulinyoosha gari, breki hulipindua.

Na likinasa? Aache mafuta mara moja. Magurudumu yanayozunguka bure yanachimba kaburi la gari. Shukeni wote isipokuwa dereva, ondoeni mchanga mbele na nyuma ya magurudumu na chini ya tumbo la gari, toeni upepo kidogo tena, kisha ajaribu kurudi nyuma kwenye alama zake mwenyewe, kwa sababu huko mchanga umeshakanyagwa. Mara nyingi inatosha. Mwe na sepetu, kamba imara ya kuvutia, geji, pampu ya upepo, na maji yasiyopungua lita tano kwa kila mtu kwa siku, hata kama mnakwenda saa moja tu. Simu hukata mtandao ndani ya mabonde, hivyo shangazi ajue mnalala kambi gani na mnatarajiwa lini.

Muda nao una maana. Alfajiri mchanga umeshika kwa ubaridi na umande. Saa nane mchana umekauka na kulegea, na gari lililopita asubuhi bila taabu linazama pale pale. Kiangazi sikushauri hata kidogo, uso wa mchanga hupita nyuzi 60. Desemba ni wakati mzuri: mchana wa kuvumilika, kusi imelala. Usiku ni baridi ya kweli kwa mtu wa Tanga, joto linaweza kushuka hadi nyuzi 15 au chini ya hapo, na mama atahitaji sweta na soksi.

Hata nikimfundisha shemeji haya yote, bado siwaruhusu kuvuka peke yenu. Anayetaka kuvuka mpaka baharini aende na magari mawili au zaidi na mwongozaji wa Bidiyah mbele. Hili si jambo la watalii wa leo. Mwingereza Bertram Thomas alipovuka jangwa kubwa la Rub al Khali mwaka 1930 na 1931, kutoka Salalah hadi Doha, aliongozwa na Salih bin Kalut wa kabila la Rashid. Mwingereza mwenzake, Wilfred Thesiger, alipopita Wahiba mwaka 1949 alipita na Mabedui. Ilikuwa desturi msafiri atembee na mtu wa kabila lenye ardhi ile, na kuwepo kwa mtu huyo kulikuwa ndiyo dhamana ya usalama wake: anajua visima, na anajua nani yuko wapi. Vitabu vimewataja sana wageni hawa wawili, ila njia ilikuwa ya waliowaongoza. Kumlipa kijana wa Bidiyah anayejua bonde gani limefungwa mwaka huu ni kuendeleza desturi hiyo, na ni pesa inayobaki kwa wenye nchi.

Umeuliza kuna nini zaidi ya mchanga. Kuna watu, dada, na hili ndilo ningetamani mlipe muda kuliko kilima chochote.

Wahiba si nchi tupu. Mbali na Al Wahiba wenyewe kuna Al Amr, Hikman, Janaba na wengine, na mwaka wao umepangwa na upepo na mtende. Majira ya baridi hutawanyika na ngamia na mbuzi wao. Kusi ikivuma na tende zikiiva, kati ya Juni na Septemba, wengi husogea kwenye oasisi ya Al Huyawah na miji ya pembezoni kuvuna, wakikaa kwenye nyumba za makuti ya mtende zinazopitisha hewa. Wengine shughuli yao ni pwani, uvuvi. Pikapu imechukua kazi nyingi za ngamia: maji huletwa kwa lori la tangi, na mtaona ngamia amekaa nyuma ya gari amefungwa magoti, anapelekwa mbioni. Ila ngamia hajapoteza heshima. Bidiyah wanafuga ngamia wa mbio, na katika sherehe kuna ardha, ambapo wapanda farasi na ngamia huonyesha ufundi wao. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi mwaka 2018. Na jueni kwamba hakuna ngamia asiye na mwenyewe. Hata yule mtakayemkuta peke yake katikati ya bonde ana alama ya moto ya familia yake.

Utaona pia miti. Watu hushangaa. Upande wa mashariki kuna misitu ya ghaf, mti wenye mizizi inayochimba makumi ya mita kutafuta maji. Kusi inasaidia hapa pia: inapopita juu ya maji baridi ya pwani ya Oman hubeba unyevu, na usiku unyevu huo hutua mchangani kama ukungu na umande. Mimea huunywa, wadudu huunywa. Wanasayansi wa Royal Geographical Society, chama cha jiografia cha Uingereza, waliofanya kazi Wahiba kati ya mwaka 1985 na 1987 waliorodhesha aina 150 za mimea ya asili katika eneo ambalo wengi walidhani ni mchanga mtupu. Basi msikate tawi bichi la ghaf kwa moto wa chai, na shemeji asipitishe gari juu ya vichaka vidogo. Hicho ni chakula cha mbuzi wa mtu.

Familia za Kibedui hupokea wageni, na kambi nyingi hupanga ziara hiyo. Vua viatu, pokea kwa mkono wa kulia, kula tende kwanza, kisha kahawa. Kikombe ni kidogo na kitajazwa tena na tena; ukitosheka kitikise kidogo unapokirudisha. Wanawake wa Sharqiya, yaani eneo hili la mashariki ya Oman, wengi huvaa barakoa ya kitambaa usoni. Usiwapige picha bila idhini, na watoto wafundishwe hivyo kabla ya kufika. Wewe na mama mtapata nafasi ya kukaa na wanawake, nafasi ambayo mumeo na shemeji hawataipata. Ulizeni habari za ufumaji wa sufu na hatamu za ngamia. Kununua kutoka mkononi mwa aliyefuma ni bora kuliko dukani.

Mama akipanda ngamia, mwambie neno moja: aegemee nyuma mnyama anaposimama, na aegemee nyuma tena anapokaa. Ngamia huinua miguu ya nyuma kwanza na kukunja ya mbele kwanza, kwa hiyo mara zote mbili mpandaji hutupwa mbele. Kama ana matatizo ya mgongo au nyonga, asipande, atazame.

Watoto watataka kuteleza na ubao. Waache, wateleze wakiwa wamekaa, mteremko uwe mfupi na mwisho wake uwe wazi. Wasichimbe mashimo marefu wala mahandaki kwenye ubavu wa kilima: mchanga mkavu huanguka kimya na hufunika mtoto kwa sekunde chache. Pikipiki za magurudumu manne zinazokodishwa pembezoni sizipendi kwa watoto, na sababu ni ile ile ya kilele. Asubuhi watikise viatu kabla ya kuvaa, kwa ajili ya nge. Na kabla jua halijapanda waonyesheni alama za usiku mchangani: mende, panya, mbweha, pengine mistari ya mshazari ya nyoka mwenye vijipembe. Wamwache tu, hafuati mtu.

Kuhusu bahari, shemeji hatakosa alichokitaka. Mkitoka kambini rudini kwenye lami, jazeni matairi, kisha fuateni barabara ya Al Kamil na Jalan Bani Bu Ali mpaka Al Ashkharah. Ni lami mpaka ufukweni, na kule mtaona mchanga na bahari vinapokutana, mahali ambapo kazi yote ya kusi inaanzia. Eneo hilo lina vilima ambavyo mchanga wake hunguruma unapoporomoka. Watafiti wa Ufaransa walichukua mchanga wa Al Ashkharah mpaka maabara na kuchapisha matokeo mwaka 2012: punje zake ni za ukubwa tofauti, hivyo hutoa sauti nyingi zilizochanganyika, lakini walipouchekecha zikabaki punje za ukubwa unaokaribiana, ukatoa sauti moja safi. Mtoto wa miaka 12 atalifurahia hilo.

Mpango wangu basi ni huu. Fikeni Ibra Jumanne. Jumatano asubuhi shangazi awapeleke wewe na mama kwenye soko la wanawake. Wanaume hawaingii, na usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili, kwani familia nyingi za huko zimeishi Unguja na bara kwa vizazi. Baada ya chakula cha mchana nendeni Bidiyah, mtoe upepo, na mwongozaji awatangulie mpaka kambini jua likiwa bado juu. Alhamisi tokeni mapema, mwende Al Ashkharah kwa lami, na mrudi Ibra kabla ya magharibi. Msiendeshe usiku barabara zile: ngamia husimama katikati ya lami, ana miguu mirefu, na akigongwa mwili wake wote huja juu ya kioo cha mbele. Kama mtachelewa, laleni Al Ashkharah, mmpigie shangazi simu.